Mahindi Yakikunja Majani

Muulize mwanafunzi wa biolojia maana ya stomata, atakujibu bila kigugumizi. Lakini mpeleke shambani Machakos adhuhuri, mvua ikiwa imekatika, aone mahindi yaliyokunja majani, atakwambia yamekufa. Mimi hufundisha somo hili, na jibu hilo hunisikitisha.

Jani halijafa. Limejikunja ili lisichomwe lote na jua. Mmea umezalisha homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo imevifunga vijitundu vya stomata ili maji yasipotee. Ila vikifungwa, hewa ya kaboni nayo haiingii. Mmea uliojikinga na kiu hulala njaa. Balaa kubwa huja wakati wa kuchanua: ukame huchelewesha ndevu za hindi, chavua ikapukutika bila kupokewa, na gunzi likabaki na mapengo badala ya punje. Ndiyo sababu watafiti wa kituo cha Katumani, huko huko Machakos, walizalisha mbegu ikomaayo mapema.

Mtihani hauyaulizi hayo, husema baadhi ya walimu wenzangu. Hata hivyo, ugali tunaula kila siku! Tupande mahindi katika mikebe miwili, mmoja tuunyime maji kwa juma moja, wanafunzi waandike wayaonayo.