Miti na Mwinuko: Mpangilio wa Misitu ya Mlima Kilimanjaro

Mtu apandaye Kilimanjaro kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo hupita, kwa mwendo wa siku chache tu, katika mabadiliko ya hali ya hewa ambayo nchini tambarare yangemlazimu kusafiri maelfu ya kilometa kutoka Ikweta. Moshi iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 23 za sentigredi. Kileleni, penye mwinuko wa mita 5895, wastani huo umeshuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi yeyote aweza kuifanya: joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 katika kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo haistaajabishi kwamba miti iotayo mita 1500 si ile iotayo mita 3000.

Elimu hii ina historia ndefu. Mnamo mwaka 1802 Alexander von Humboldt, akiwa kwenye mlima Chimborazo huko Amerika ya Kusini, alipima joto na kuorodhesha mimea kadiri alivyopanda. Mchoro alioutoa mwaka 1807 ndio mama wa michoro yote ya milima iliyogawanywa kwa kanda. Kwa milima yetu ya Afrika Mashariki, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, alipendekeza mwaka 1951 kanda tatu, yaani msitu wa mlimani, kisha ukanda wa mierika, na juu kabisa mimea michache ihimiliyo baridi kali. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini mchoro wake ubaoni una hatari moja. Humfanya mwanafunzi adhani kwamba kimo chenyewe ndicho kichaguacho miti. Mti haujui umesimama mita ngapi juu ya bahari. Mti hupata joto au baridi, maji au ukame, ukungu au jua, na wakati mwingine moto.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ni tofauti ya pande mbili za mlima huo huo. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi huufikia mlima kwa upande wa kusini na kusini-mashariki. Hewa inapolazimika kupanda hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Katika upande wa kusini mvua huongezeka kutoka milimita 900 hivi kwa mwaka karibu na Moshi hadi kupita milimita 2500 penye mwinuko wa mita 2200. Juu ya hapo huanza kupungua tena, kwa kuwa hewa imekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yake. Upande wa kaskazini, uelekeao Kenya, hupata mvua kidogo sana ukilinganishwa na huo.

Basi katika upande wa kusini, mfalme wa msitu ni mkulo, mti wa kafuri ambao wanasayansi huuita Ocotea usambarensis. Mashina yake ni manene, na matawi yake hubeba bustani nzima ya kuvumwani, kangaga na okidi, kwa sababu hapo ndipo ukungu ulipo mzito. Chini ya mikulo, mabondeni, husimama kangaga wakubwa wenye mashina kama minazi midogo. Kadiri mtu apandavyo, mikulo hupungua na mipodo, yenye majani membamba na magumu, hushika nafasi yake. Kuanzia mita 2700 hivi usiku huweza kuleta jalidi, yaani umande ulioganda, na miti mingi ya nchi za joto haiwezi kuivumilia. Hapo mierika huanza kutawala, mifupi, yenye vijani vidogo kama sindano, huku mimea mfano wa ndevu ikining'inia kwenye matawi. Msafiri apitiaye njia ya Marangu huyaona mabadiliko hayo karibu na kituo cha Mandara.

Upande wa kaskazini, katika kimo hicho hicho kiotacho mikulo kusini, msitu ni wa mwangati, uitwao Kenya mtarakwa, pamoja na mzeituni-mwitu. Miti hiyo huvumilia ukame. Isitoshe, miche ya mwangati hupenda mwanga na haistawi gizani chini ya miti mingine, kwa hiyo huota vyema mahali palipofunguliwa, hata na moto.

Yafaa walimu waangalie jambo lingine hapa. Michoro mingi ya vitabuni hutoka Mlima Kenya, nao huonyesha ukanda mpana wa mianzi katikati ya msitu na mierika. Kilimanjaro haina ukanda huo. Mianzi yake ni vichaka vidogo tu upande wa kaskazini, ijapokuwa mvua na joto la upande wa kusini vingeitosha. Andreas Hemp, mtaalamu wa Kijerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, amelihusisha jambo hilo na uchache wa tembo na nyati katika miteremko ya kusini, maana wanyama hao huvunja miti na kuifungulia mianzi njia.

Je, kanda hizi zina mipaka ya kweli? Mmarekani Robert Whittaker, aliyeandika mwaka 1956 juu ya milima ya Great Smoky, alishikilia kwamba kila aina ya mti ina eneo lake yenyewe, na kwamba aina hupishana polepole bila ukuta kati yao. Hemp alilichukua swali hilo hadi Kilimanjaro, akachunguza viwanja 600 vya mimea vyenye aina zipatazo 1220, na kutoa matokeo yake mwaka 2006. Jibu la busara ni kwamba kila aina hufuata mipaka yake, lakini pale ambapo badiliko kubwa la mazingira, kama vile jalidi, huzigusa aina nyingi kwa pamoja, mipaka hiyo hurundikana na jicho huona ukanda.

Mpaka wa chini wa msitu, hata hivyo, umewekwa na jembe. Kati ya mita 1000 na 1800 hivi Wachaga wamelima vihamba vyao vya migomba na kahawa, wakiacha baadhi ya miti ya asili, kama mringaringa, kwa kivuli na mbao. Mabaki ya msitu wa chini yamejificha katika makorongo. Katika mojawapo ya mabonde ya mlima huo ulipimwa mti wa Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko wote uliojulikana Afrika habari zake zilipotolewa mwaka 2016.

Mpaka wa juu umewekwa na moto. Kwa kuwa dunia inapata joto, mtu angetarajia msitu upande kuelekea kilele. Kilimanjaro umeshuka. Tangu mwaka 1976 hadi mwanzoni mwa karne hii, mioto, mingi ikiwashwa na watu, wakiwamo warina asali, iliteketeza takriban kilometa za mraba 150 za misitu ya mierika. Mioto mikubwa ilizuka tena Oktoba 2020 na Oktoba 2022. Watu huizungumzia sana theluji ya Kibo, lakini maji mengi kabisa ya mifongo ya Wachaga na ya Mto Pangani hutoka katika mvua na ukungu vinaswavyo na msitu. Mwerika mrefu wenye ndevu zake huchuja matone ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Kichaka kilichobaki baada ya moto kina majani machache, nacho hunasa kidogo. Mierika huchipua tena kutoka kwenye visiki vilivyoungua, na ikipata miaka mingi bila moto hurudi kuwa miti. Moto ukirudi mapema, machipukizi huungua kabla ya kufikia kimo cha mtu.