Jibu Kundini au Mfuate Inboksi? Ushauri kwa Makundi Yetu ya Wakulima

Leo mbolea tuiweke pembeni kidogo, tuongelee makundi yetu ya WhatsApp. Mwenzako akiuliza swali, umjibu mbele ya wote au umfuate inboksi? Wengi wanaona ni jambo dogo, ila linaweza kuokoa mazao ya mtu au kuyamaliza.

Kanuni ni rahisi: jibu linaloweza kusaidia shamba la mwingine liweke kundini. Linalomhusu mtu mmoja lipeleke inboksi.

Wadudu, magonjwa na dawa: kundini. Mtu katuma picha ya nyanya iliyoshambuliwa na kantangaze. Ukimjibu inboksi, umemsaidia yeye tu, na jirani zake wenye tatizo hilohilo wamebaki gizani. Halafu kundini ukikosea kipimo, yupo atakayekusahihisha. Inboksi hayupo. Ndiyo maana muuzaji anayesema "njoo inboksi nikupe dawa ya uhakika" muwe naye makini. Kiuatilifu halali kinasajiliwa na TPHPA na kina kibandiko, hakina sababu ya kuuzwa kwa siri. Mwambieni ataje jina la dawa na kiambato chake hapohapo.

Pesa na mambo binafsi: inboksi. Bei mliyoelewana, deni, namba ya kulipia, matatizo ya nyumbani. Na zile "asante" arobaini zinazika jibu la maana. Weka dole gumba, inatosha.

Kumsahihisha mtu. Kama ni kosa dogo, mfuate pembeni, hasa akiwa mzee wako. Lakini kipimo cha sumu kikikosewa, sahihisha kundini mara moja, maana kuna mtu tayari kabeba bomba mgongoni. Ongelea dawa, usimseme mtu: "Mzee wetu, shikamoo. Naomba wote tusome kibandiko kwanza kabla ya kupiga, hicho kipimo naona kimezidi." Kisha mfuate inboksi umweleze kwa heshima, aufute ujumbe mwenyewe.

Ugonjwa wa mlipuko: kote kuwili. Chukua homa ya nguruwe. Haina tiba, na inasambaa kwa nguruwe wagonjwa, nyama, makombo, hata viatu. Ukiona nguruwe wa jirani wanakufa, ongea naye, kisha mpigieni afisa mifugo wa kata. Jina lake usilirushe kundini. Mtu akiaibishwa leo, mwingine kesho ataficha, atauza nguruwe usiku, na ugonjwa utazunguka kata nzima. Kundini weka tahadhari: fungieni nguruwe ndani, msinunue wala kuuza kwa sasa, msilishe makombo, wageni wasiingie bandani. Tahadhari ni ya wote, jina ni la faragha.

Cha inboksi kibaki inboksi. Usipige picha ya skrini ujumbe wa mwenzako ukaupeleka kundini bila ruhusa yake. Ukifanya hivyo mara moja, hakuna atakayekuambia ukweli wa shamba lake tena.

Na kama hujui: gandamiza ujumbe wa muulizaji, fungua vile vidoti vitatu, chagua kujibu faragha. Swali lake litaenda pamoja na jibu lako, hivyo atajua unajibu nini.

Viongozi wa makundi, wasomeeni wanachama wenu haya kabla msimu haujachanganya. Kazi njema shambani.