Kijana wa Matisi na Polisi ya Uganda

Kijana wa Matisi, karibu na Kitale, aonapo magari yakielekea Suam mpakani, huenda akawaza: "Mbona nisiombe kazi ya polisi Uganda?" Wazo hilo si la ajabu. Wasabaot wa upande huu wa Mlima Elgon na Wasebei wa upande wa pili ni jamaa moja, na hadi mwaka 1902 magharibi ya Kenya yote ilihesabiwa kuwa Uganda.

Lakini sheria haitazami ujamaa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 211, yataka askari polisi wawe raia wa Uganda wenye tabia njema. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, uliwafungulia wafanyakazi mipaka, bali kazi za serikali haukuzifungua, ila sheria ya nchi yenyewe ikiruhusu.

Basi, ndugu msomaji, akikujia mtu akisema, "Lete fedha, nitakuandikisha Kampala," ujue anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Fedha ambazo baba yako amezipata kwa kuuza mahindi zisipotee hivyo. Uliza kwanza habari ya uraia, ndipo uandike barua.