Gati la Kipakatalishi katika Uchunguzi wa Lubukusu

1. Utangulizi

Mchunguzi wa Lubukusu hawezi kuifanya kazi yake yote mezani. Humpasa kuwaendea wazee mashambani pembezoni mwa Kitale, awarekodi, kisha arejee Bungoma kuyaandika na kuyachambua aliyoyasikia. Kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakata, humfaa safarini kwa wepesi wake. Lakini kiwambo chake ni kidogo mno kwa uchambuzi. Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kinachoiondoa dhiki hiyo, pamoja na hatari inayoandamana nacho.

2. Jina

Kifaa hicho twapendekeza kiitwe gati. Gatini ndipo chombo kitokacho safarini hufungwa na kupakua shehena yake. Kipakatalishi nacho, kwa waya mmoja tu, hupata umeme, kibodi, kipanya na viwambo viwili au vitatu vikubwa. Safari ikiwadia, waya huo huchomolewa. Huenda wakawako watakaodai kwamba neno hili ni la pwani na halifai bara. Hoja hiyo haina uzito, kwani hata Kisumu, katika Ziwa Victoria, kuna gati.

3. Matumizi

Faida ya viwambo vingi ni ulinganishi. Tuchukue jozi za Lubukusu omundu/babandu na kumusala/kimisala, zikilinganishwa na mtu/watu na mti/miti za Kiswahili. Kiwambo cha kwanza kitaonyesha mawimbi ya sauti katika ELAN, programu iliyotungwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi; cha pili matini inayoandikwa; cha tatu kamusi. Maandishi ya kawaida ya Lubukusu hayaonyeshi toni. Kwa hiyo mwandishi anayelazimika kufunika dirisha moja ili afungue jingine huandika kwa kukumbuka, wala si kwa kusikia. Hapo ndipo makosa hupenya, na kosa likishaingia kamusini huwa vigumu kuling'oa.

4. Uchaguzi

Si kila tundu la USB-C hupitisha picha. Mengine hupitisha data na umeme tu. Aidha, vipakatalishi vya Apple vyenye chipu ya kawaida ya M1 au M2 huendesha kiwambo kimoja tu cha nje, isipokuwa kwa gati la aina ya DisplayLink, ambalo huhitaji programu yake lenyewe. Basi hapana budi kuisoma miongozo ya vifaa vyote viwili kabla ya kununua.

5. Hatari

Umeme ukatikapo, kipakatalishi huendelea kwa betri yake, lakini gati huzimika pamoja na viwambo vyake. Madirisha yote hurudi kwenye kiwambo kidogo, na hilo ni usumbufu tu. Balaa ni diski ya nje iliyochomekwa gatini: hukatwa ghafla, pengine katikati ya kuandika, na faili ikaharibika. Kwa hiyo rekodi ihifadhiwe kwanza ndani ya kipakatalishi chenyewe, kisha nakala mbili zitolewe na kuwekwa mahali mbalimbali.

6. Hitimisho

Viwambo vyaweza kununuliwa tena. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hainunuliki. Gati litumike kwa ulinganishi; lisifanywe ghala.