Ndege Uani, Esanse Kwanza

Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunga ndege ya watu wanne, Sling 4, kwa wiki tatu, na baadhi yao wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo wakipitia Malawi na Zanzibar. Ndege hiyo hutoka kiwandani ikiwa maelfu ya vipande ndani ya makasha. Kuiunga hula takriban saa 3,000 za kazi. Fundi wa peke yake, anayeishika jioni na Jumapili tu, asishangae miaka mitatu ikimpita.

Je, fundi wa mji wa Manono, kwetu Kongo, angeiweza? Kwa mikono, ndiyo. Kuchomelea ni kidogo; kazi yenyewe ni ribiti. Bati la alumini huja limetobolewa, na vishikizo vya springi hushika tundu kwa tundu hadi ribiti ipigwe. Lakini kwanza kila tundu husafishwa ukingo. Pitisha kidole: ukihisi kikwaruzo, hata chembamba kama unywele, hapo ndipo ufa utakapoanzia, maana bawa hutikisika kila safari na nguvu hukusanyika penye ncha. Bawa likishafungwa, uzembe huo hauonekani tena. Kwa hiyo mkaguzi huitwa kabla halijafungwa, na mjenzi makini hupiga picha kila hatua. Injini sishauri uishike mwenyewe. Hata wale vijana waliwaachia wataalamu.

Kikwazo hasa ni mafuta. Injini nyingi za zamani za ndege ndogo hutaka petroli maalumu yenye risasi, ambayo huku kwetu ni adimu. Rotax ya Austria hukubali esanse ya gari. Ile 912 ya nguvu za farasi 100 hutaka oktani 95. Sasa, nani atakuhakikishia oktani ya bidoni la Kadhafi, yule muuza esanse wa kando ya barabara? Esanse inayofika Manono imepita mapipa mengi, na kila pipa huongeza maji na vumbi. Ichuje, kisha jaza chupa safi ya kioo uiache itulie: maji hushuka chini, yakionyesha mstari. Ukiuona mstari huo, hakuna kuruka siku hiyo.

Joto nalo lina hesabu yake. Manono iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko kwenye mita 1,300 hivi. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Kwenye uwanja wa mji utavumilia, ila kwenye kiwanja kifupi cha kijijini, punguza abiria.

Ukiwa bado unataka kujaribu, usianze na ndege nzima: watengenezaji wengi huuza kasha la mkia peke yake. Lakini iandikie kwanza mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, Kinshasa, uulize masharti ya kusajili ndege iliyoundwa nyumbani. Jibu likija kwa maandishi, agiza mkia tu. Ukiumaliza vizuri, ndipo ufikirie mabawa.