Haidroliki ya Trekta Kuukuu Imegoma Kunyanyua? Ipime Sasa, Usingoje Mvua

Kwa sisi wa maeneo ya msimu mmoja wa mvua, matrekta mengi sasa hivi yamepaki. Shida ni kwamba trekta lililopaki halionyeshi ugonjwa. Utalijua siku ya mvua ya kwanza, umefunga plau, umeshapokea kianzio cha wateja, halafu mikono ya nyuma hainyanyuki. Siku hiyo fundi yuko kwa mwingine na spea haishikiki bei. Mteja naye hana muda wa kukusubiri, atatafuta trekta jingine.

Leo nachukua mfano wa Massey Ferguson 135, maana bado yapo mengi mashambani na vijana wengi wanaanza nayo.

Elewa kwanza linavyofanya kazi

Pampu inavuta oili na kuisukuma kwenye silinda. Oili inasukuma pistoni, pistoni inanyanyua mikono. Kwenye 135, oili ya haidroliki ni ileile ya gia boksi na difu, na pampu yenyewe imezama humo ndani. Inazungushwa na shafti ya PTO. Kwa hiyo oili ikichafuka, haiumii haidroliki peke yake, na gia zinaumia.

Usalama kabla ya spana

Usiingie chini ya plau lililonyanyuliwa, hata kama umelipima jana likakaa. Lishushe chini, au lisimamishe juu ya magogo imara. Pia usitafute panapovuja kwa kidole. Oili yenye presha inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Pitisha kipande cha boksi gumu badala ya mkono. Ikikuingia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Hatua za kupima, anza na zisizo na gharama

1. *Angalia lever ya PTO.* Kama haijaingizwa, pampu haizunguki na mikono haiwezi kunyanyuka. Nimeshakuta trekta limefunguliwa kifuniko cha juu, mwenyewe amelipa hela ya fundi, kumbe PTO ilikuwa imetolewa tu.

2. *Angalia lever mbili za haidroliki.* Moja inashika kimo cha mikono, nyingine inafuata uzito wa udongo wakati wa kulima. Ukitaka kunyanyua kwa ile ya kimo, hakikisha ile nyingine iko juu. Ikibaki chini, utazunguka na tatizo ambalo halipo.

3. *Pima oili.* Trekta liwe sehemu tambarare, injini imezimwa, mikono imeshushwa. Ikiwa chini ya alama, pampu inavuta hewa. Utasikia inalia na mikono inapanda kwa kushtukashtuka. Ongeza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Usichanganye chochote ulichokikuta dukani.

4. *Angalia rangi ya oili.* Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mlango mkubwa wa maji ni raba ya lever ya gia iliyopasuka, hasa trekta likilala nje. Liache trekta lisimame usiku mzima, asubuhi legeza kidogo vizibo vya chini. Maji yaliyojitenga yatatangulia kutoka. Lakini oili iliyokwisha kuwa maziwa haifai tena: mwaga yote, safisha chujio la pampu, weka mpya, kisha badilisha hiyo raba. Ukiacha raba, unarudi palepale.

5. *Pima bila mzigo, kisha na mzigo.* Washa injini, iache ipate moto, nyanyua mikono mitupu. Halafu funga plau unyanyue tena. Ikinyanyua mitupu na kushindwa plau, presha ni ndogo: chujio limeziba, pampu imechoka, au kuna uvujaji ndani. Sikiliza na joto pia. Ikiwa nzito asubuhi ikichangamka baadaye, shuku chujio au oili nzito kupita kiasi. Ikinyanyua vizuri asubuhi na kulegea ikipata moto, shuku pampu au sili zilizokwisha, maana oili ya moto ni nyepesi na inapenya kirahisi.

6. *Pima kukaa.* Nyanyua plau, zima injini, kaa pembeni uangalie. Trekta kuukuu kushuka taratibu sana si ajabu. Likishuka ndani ya dakika moja au mbili, oili inapita mahali: sili ya pistoni, silinda au valvu. Dalili ndugu yake ni mikono kutikisa kichwa, inashuka kidogo na kupanda yenyewe injini ikiwa inaunguruma.

Wapi uishie wewe, wapi aanze fundi

Hatua ya kwanza hadi ya tatu ni zako kabisa. Oili na raba unaweza pia, mradi sehemu ni safi na vizibo vimekazwa vizuri. Ila kufungua kifuniko cha juu au kutoa pampu, mwite fundi mwenye geji ya presha. Mwambie umeona nini: inashindwa ikiwa baridi au moto, na mzigo au bila, inashuka kwa dakika ngapi. Andika kwenye daftari la trekta. Fundi aliyepewa maelezo haya hafungui kwa kubahatisha, na wewe hulipii spea isiyohusika.

Ukirudisha kulala

Shusha plau chini kabisa, presha itoke. Weka trekta chini ya paa. Kama paa huna, funika lever ya gia na mdomo wa bomba la moshi. Kila baada ya wiki mbili tatu liwashe, lipate moto, nyanyua na kushusha mikono mara kadhaa ili sili zisikauke.

Oili mpya na raba ni gharama, sikatai. Lakini ipige kwa ekari unazolima kwa siku wakati wa msimu, uone siku tatu za kusimama zinakula kiasi gani. Mwenye trekta lililopimwa sasa ndiye atakayeanza kulima udongo ukilowa.