Joto la Ekseli ya Nyuma: Kwa Nini Gari la Wagonjwa Lilisimamishwa kwa Siku 3

Wakazi wengi wametuuliza, wengine kwa hasira iliyo haki, kwa nini gari la wagonjwa la kituo cha afya lilisimamishwa kwa siku 3 katikati ya masika, ilhali injini yake iliwaka vizuri na matairi yake yalikuwa mazima. Katika siku hizo wagonjwa wa rufaa walilazimika kusubiri gari la kuazima kutoka kituo cha jirani. Kusubiri huko si jambo dogo, hasa kwa mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua. Mwananchi ana haki ya kuelezwa sababu.

Makala haya yanatoa jibu hilo. Aidha, kwa kuwa vijijini mwetu yapo magari mengi ya aina hiyo, yabebayo abiria, mazao na mifuko ya saruji katika barabara zilezile, tumeona vema kueleza namna dereva au mmiliki anavyoweza kuitambua hitilafu kama hii mapema.

Ekseli ya nyuma na kazi yake

Ukichungulia chini ya gari lenye uwezo wa kupita porini, utaona bomba nene la chuma linalounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Hiyo ndiyo ekseli. Katikati yake pana uvimbe wa mviringo ambao mafundi huuita difu. Ndani ya difu, gia ndogo iitwayo pinioni hupokea nguvu kutoka kwenye propela na kuizungusha gia kubwa iitwayo krauni, nayo huyapelekea magurudumu nguvu hiyo. Meno ya gia hizi mbili hayagusani tu. Huteleza na kusuguana kwa shinikizo kubwa. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa oili.

Kwa sababu hiyo, ekseli kupata joto baada ya mwendo mrefu si ugonjwa. Ugonjwa ni joto lililopita kiasi, au joto lililokaa mahali pamoja. Kwa kawaida mtu hawezi kuuacha mkono wake juu ya chuma chenye joto la nyuzi 60 hivi kwa zaidi ya sekunde chache, na difu iliyofanya kazi nzito inaweza kufikia joto hilo bila kuwa na kasoro. Lakini tone la maji likidondoshwa juu yake nalo likachemka papo hapo, joto limepita nyuzi 100, na gari hilo lastahili kuchunguzwa kabla ya safari nyingine.

Mahali pa joto hutaja chanzo chake

Dereva makini hajiulizi tu kama ekseli ni ya moto. Hujiuliza ni ya moto wapi. Baada ya safari, egesha gari mahali salama, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila sehemu bila kuigusa, kwani ngoma ya breki inaweza kuunguza. Linganisha katikati na pembeni, halafu kulia na kushoto.

1. Joto likiwa katikati, penye difu, shuku oili kwanza: imepungua, imezidi, imechakaa, imeingia maji, au si ya aina yake. Oili iliyozidi nayo hudhuru, kwa maana gia huichapa hadi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Ikiwa difu imetoka kufunguliwa na fundi hivi karibuni, huenda beringi za pinioni zilikazwa kupita kiasi.

2. Joto likiwa kwenye gurudumu moja tu, shuku breki isiyoachia au beringi ya gurudumu hilo. Beringi iliyokauka grisi au iliyokazwa mno huanza kwa mlio mdogo na humalizia kwa gurudumu kukwama au kung'oka.

3. Joto likiwa kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, tazama kama breki ya mkono inaachia kikamilifu. Uliza pia kama dereva aliteremka mlima mguu ukiwa juu ya breki badala ya kutumia gia nzito.

4. Ekseli nzima ikiwa ya moto, tazama mzigo na matairi. Matairi ya nyuma yasiyolingana kwa ukubwa huzilazimisha gia ndogo za ndani ya difu kuzunguka safari nzima, ilhali ziliumbwa kufanya kazi hasa gari likatapo kona. Vilevile, katika magari mengi ya aina hii, kuendesha kwenye lami kavu huku magurudumu yote manne yakivuta huibana mitambo na kuipasha joto.

Kilichotokea kwa gari letu

Dereva wa gari la wagonjwa aliporejea kutoka hospitali ya wilaya alinusa harufu ya oili iliyoungua. Difu ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemsha tone la maji. Akakumbuka kuwa wiki 2 kabla oili ya difu ilikutwa imepungua, ikaongezwa, na gari likaendelea na kazi.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Gia haziitumii oili kama injini itumiavyo dizeli. Ekseli ni chombo kilichofungwa, na oili ikipungua ndani yake, imevuja. Kuongeza bila kuuliza ilikokwenda ni kuiahirisha hitilafu.

Fundi alipoinua gari aliona ukuta wa ndani wa tairi la kulia umelowa. Alipoivua ngoma ya breki alikuta viatu vya breki vimelowa oili. Alipoifungua difu, oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara ya kuingiliwa na maji. Mwisho alikipata chanzo cha yote: kipumulio cha ekseli, kitundu kidogo juu ya bomba lake, kilikuwa kimezibwa kwa tope lililokauka.

Kipumulio hicho kina kazi moja. Ekseli ipatapo joto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Kikizibwa, hewa hiyo husukuma oili na kuipitisha kwenye sili hadi ndani ya breki. Oili inapopungua, joto huongezeka. Joto linapoongezeka, msukumo nao huzidi. Kisha gari lenye ekseli ya moto linapoingia mtoni, hewa ya ndani hupoa ghafla na kusinyaa. Kwa kuwa haina mahali pengine pa kuvuta pumzi, huvuta maji kupitia sili zilezile.

Zilibadilishwa sili, viatu vya breki na oili. Kipumulio kilisafishwa na kuunganishwa kwa mpira hadi juu ya kiwango cha maji ya vivuko vyetu. Kwa bahati njema, kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili palikutwa uji laini wa chuma tu, ambao ni wa kawaida. Vingekutwa vipande vya meno, difu nzima ingebadilishwa.

Je, gari lisingeweza kuendelea kwa siku hizo 3 huku vipuri vikisubiriwa? Lisingeweza. Breki iliyolowa oili haishiki kwenye mteremko, na gia zilizokosa oili zinaweza kukwama ghafla na kuyafunga magurudumu ya nyuma gari likiwa mwendoni. Kumchelewesha mgonjwa ni vibaya. Kumpandisha katika gari la namna hiyo, pamoja na muuguzi na ndugu zake, ni vibaya zaidi.

Mambo ya kufanya kwa wenye magari

Kagua oili ya difu gari likiwa limesimama mahali tambarare na ekseli imepoa. Fungua nati ya kujazia, iliyo juu, kabla ya kuigusa ile ya kumwagia. Oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu. Chovya kidole uione rangi yake na uinuse. Tumia aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya aina hii ni oili ya gia ya daraja la GL-5, kama vile 80W-90. Oili ya injini si mbadala wake.

Ukitaka kukagua breki na beringi, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma kwa jeki na uegemeze ekseli juu ya stendi imara; usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiwa, zungusha kila gurudumu kwa mkono usikie kama linakwaruza au linakaza. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi yahitaji fundi.

Ukiona moshi gurudumuni ukiwa njiani, simama, shusha abiria, na usimwagie chuma cha moto maji baridi, kwani kinaweza kupasuka. Subiri kipoe, kisha ita fundi.

Gari la wagonjwa limerejea kazini. Kuanzia sasa kipumulio na oili ya difu vitakaguliwa kila baada ya gari kuvuka maji mengi, na kila oili itakapoongezwa dereva ataandika katika daftari la gari kiasi kilichoongezwa na sababu yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii ufa wenyewe ulikuwa kitundu kisichozidi ncha ya kidole, na kukisafisha kungehitaji dakika chache tu.